Fildi Si Uwanja

 

Mtakumbuka siku tuliyofunga shule mwezi wa Juni. Kijana mmoja anayesoma chuo hapa Doha alikuja kutusaidia kubeba madawati. Watoto wa kundi la kati wakamzunguka, wakamuuliza anafanya kazi gani. Akawajibu, "Kwa sasa niko fildi." Mtoto mmoja wa miaka kumi, aliyezaliwa hapa hapa, akanigeukia na kuniuliza, "Mwalimu, fildi ya mpira au shamba?"

Tulicheka wote. Lakini usiku nikalifikiria lile swali. Watoto wetu huwaona wanafunzi wa chuo kwenye harusi na sikukuu, wamependeza, wanazungumza Kiingereza cha haraka, basi wanadhani maisha yao ni yale. Na sisi wazazi wengi hatukupita chuo kikuu. Mimi mwenyewe niliishia kidato cha nne, nikaingia chuo cha uuguzi, nikaanza kuvaa sare nyeupe. Kwa hiyo tunawaambia watoto "soma ufike chuo" bila kuwaeleza huko chuo mtu anaamkaje, anakula nini, na nani anamlipia.

Nimemwomba yule kijana niandike habari zake. Amekubali kwa sharti nisitaje jina lake, wala chuo chake, wala kampuni aliyofanyia fildi. Ametoka pwani ya kusini ya Tanzania, ana miaka 22, na anasoma mambo ya kompyuta na biashara. Hapa nitamwita Kijana.

Tuanze na maneno, maana hii ni shule ya lugha. Fildi ni neno la wanafunzi wa Tanzania. Wakenya husema atachimenti. Ukiandika barua ya ofisini utaandika "mafunzo kwa vitendo". Ni zile wiki ambazo mwanafunzi anatoka darasani, anakwenda kukaa mahali pa kazi, anafanya kazi chini ya msimamizi, halafu anarudi chuoni na ripoti. Bado ni mwanafunzi, na fildi ni sehemu ya masomo yake kama ulivyo mtihani.

Kuna neno jingine zuri ambalo watoto wengi hawalijui: tarajali. Ndani yake utasikia kutaraji. Daktari tarajali ni yule aliyekwisha kumaliza masomo na sasa anatarajiwa kuwa daktari kamili. Tanzania na Kenya daktari hufanya mwaka mmoja wa utarajali hospitalini kabla ya kupata leseni kamili. Anafanya kazi kweli kweli, usiku na mchana, kwa hiyo suala la malipo yake si dogo. Madaktari wa hospitali za umma Kenya walipogoma kuanzia Machi hadi Mei 2024, moja ya madai makubwa ilikuwa posho ya tarajali. Serikali ilitaka kuwalipa shilingi 70,000 kwa mwezi, wao wakashikilia zaidi ya shilingi 206,000 za mkataba wa 2017. Kwa hiyo mtoto akikuambia amepata nafasi ya tarajali, swali la "watakulipa?" si la tamaa. Ni swali la haki kabisa.

Sasa, hawa wanafunzi wa Doha wanasoma wapi? Wapo wa Chuo Kikuu cha Qatar, ambacho ni cha serikali na mizizi yake ni chuo cha ualimu cha mwaka 1973. Wapo wa chuo cha sayansi na teknolojia, UDST. Na wapo wa Education City, kule Al Rayyan, ambako watoto wengi wamepita wakienda maktaba au mpirani. Education City ni mji wa vyuo uliojengwa na Qatar Foundation, taasisi iliyoanzishwa mwaka 1995. Vyuo vya Marekani vilifungua matawi pale kimoja kimoja: Virginia Commonwealth mwaka 1998, halafu chuo cha udaktari cha Weill Cornell, Texas A&M mwaka 2003, Carnegie Mellon 2004, Georgetown 2005 na Northwestern 2008. Mwanafunzi anakaa Doha, lakini cheti chake kinatoka chuo cha Marekani.

Wazazi, hapo kuna jambo la kuweka akilini. Februari 2024 bodi ya Texas A&M kule Marekani ilipiga kura kulifunga tawi la Doha ifikapo mwaka 2028. Wanafunzi waliokwisha kuingia wanaachwa wamalize. Lakini mzazi aliyekuwa amempangia mwanawe wa darasa la sita uhandisi wa pale imebidi apange upya. Chuo cha ugenini ni mgeni pia, kinaweza kufunga virago.

Turudi kwa Kijana. Fildi yake ilikuwa ya wiki kumi, kuanzia mwanzo wa Juni, katika kampuni ya kusafirisha mizigo upande wa Al Wakra. Yeye analala bweni la chuo, Education City. Nilimwomba anieleze siku moja tangu anaamka mpaka analala, na nikaandika kwenye daftari langu la zamu.

Anaamka alfajiri. Mwezi wa Juni hapa jua linachomoza kabla ya saa kumi na moja, kwa hiyo akitoka bwenini saa kumi na moja na nusu tayari shati linashika mgongo. Anapanda metro ya mstari wa kijani hadi Msheireb, anabadilisha, anachukua mstari mwekundu hadi Al Wakra, halafu basi dogo la bure kutoka stesheni. Nauli ya metro ni riyali 2 kwa safari, kwa hiyo kwenda na kurudi ni riyali 4. Kwa wiki ya siku tano ni riyali 20. Sisi wenye mishahara tunaziona ndogo. Yeye alizihesabu.

Ofisini anaingia saa moja. Wiki mbili za kwanza kazi yake ilikuwa moja: kuchukua karatasi za mizigo zilizorundikana kabatini na kuzipiga picha kwenye mashine, ziingie kwenye kompyuta. Karatasi baada ya karatasi. Alinipigia simu akasema, "Mama, nimesoma miaka mitatu nije kuwa mpiga picha wa karatasi?"

Nikamwambia habari zangu. Fildi yangu ya kwanza ya uuguzi ilikuwa hospitali moja ya wilaya nyumbani. Wiki mbili nilikunja gozi. Asubuhi gozi, mchana gozi. Sista wa wodi hakunijua hata jina, aliniita "wewe wa chuo". Hakuna aliyetupangia pa kulala, tulitandika kanga sakafuni chumba cha akiba, na chakula tulijitegemea. Nililia mara mbili. Lakini katika kukunja gozi nilisikia ripoti zote za zamu, nikajua mgonjwa yupi ni wa nini, na nani akiulizwa anajibu. Wiki ya tatu muuguzi mmoja hakuja, sista akatazama huku na huku, akasema, "Wewe wa chuo, njoo ushike hapa." Nikashika.

Kwa Kijana ilikuwa hivyo hivyo. Katika kupiga picha zile karatasi aligundua kwamba jina la mteja mmoja limeandikwa kwa namna nne, na ndiyo maana mizigo yake ilikuwa inachelewa kulipiwa. Akaandika kwenye daftari lake la fildi, akamwonyesha msimamizi. Wiki ya tatu akahamishwa meza.

Hapa nieleze hili daftari, maana watoto watalikuta. Kila siku mwanafunzi anaandika amefanya nini na amejifunza nini, msimamizi anatia sahihi, na mwisho chuo kinalikagua. Wengi huliandika usiku mmoja kabla ya kulikabidhi. Muuguzi yeyote atakwambia ubaya wake: kitu ambacho hakikuandikwa siku ile, ni kama hakikufanyika.

Jambo lililonichekesha zaidi ni la saa. Msimamizi wake ni mtu wa Misri. Siku moja jioni akampigia simu, wakaongea Kiingereza, lakini mwishoni mzee akachanganya Kiarabu akamwambia wakutane bandarini kesho saa "sab'a". Kijana alisoma madrasa tangu mdogo, na Kiarabu cha hesabu anakijua. Lakini sikio likasikia saa saba, na moyo ukaenda nyumbani. Kesho yake alifika saa saba kasoro dakika ishirini mchana, amechomekea shati, anajisifu kwamba amewahi. Mzee alikuwa amemsubiri tangu saa moja asubuhi.

Watoto, mmeona lilipo kosa? Sita, saba na tisa zetu zimetoka Kiarabu: sitta, sab'a, tis'a. Neno saa nalo ni la Kiarabu. Lakini Mswahili anahesabu saa tangu kunapokucha: jua likitoka, saa moja ikipita, ni saa moja. Mwarabu wa leo anaifuata saa ya ukutani kama Mzungu. Kwa hiyo neno ni lile lile na tofauti ni saa sita nzima. Siku nazo zina mchezo wake. Jumapili kwetu ni ya pili, kwa sababu tunahesabu baada ya Ijumaa. Kwao Jumapili ni al-ahad, ya kwanza. Ndiyo siku ya kuanza kazi hapa Qatar, na ndiyo maana shule yetu iko Jumamosi.

Mzee alimsamehe, nasikia mpaka leo anamtania. Lakini Kijana alijifunza kitu ambacho mabinti na vijana wetu waliolelewa kwa adabu ya kwetu wanapata nacho shida: kurudia na kuuliza. Kwetu mkubwa akisema unaitikia "ndiyo" na kuondoka. Kumwambia "naomba urudie, sijaelewa" unaona ni kumkosea heshima. Kazini hapa, na hospitalini ndiyo zaidi, kuitikia jambo ambalo hukulielewa kunaweza kuumiza mtu. Mimi nikipewa agizo la dawa kwa simu ni lazima nilirudie neno kwa neno kabla ya kukata. Nilimwambia Kijana afanye vivyo hivyo: "Kwa hiyo, bwana, ni kesho, bandarini, saa moja asubuhi?" Heshima haipungui hapo.

Saa tisa na nusu anatoka. Mtajua kwamba kuanzia tarehe 1 Juni hadi 15 Septemba sheria ya hapa inakataza kazi za nje, juani, kati ya saa nne asubuhi na saa tisa na nusu alasiri. Yeye yuko ndani kwenye kiyoyozi, lakini kutoka ofisini hadi kituo cha basi ni dakika kumi na mbili za miguu. Julai joto la mchana hupita nyuzi 40. Akifika Education City anapitia Maktaba ya Taifa, ile inayofanana na karatasi mbili zilizokunjwa, iliyofunguliwa kwa wasomaji mwaka 2017. Anakaa pale mpaka usiku kwa sababu kuna baridi, kuna intaneti na hakuna anayemuuliza kitu. (Wazazi, uanachama ni bure kwa mwenye kitambulisho cha ukaazi, na sehemu ya watoto ni kubwa kuliko shule nyingi tulizosoma. Nendeni.)

Chakula cha usiku nilikiacha makusudi, kwa sababu ndicho kilichonifanya niandike makala hii.

Ijumaa moja ya katikati ya Julai Kijana alikuja nyumbani kwangu kuchukua meza ndogo niliyomwahidi. Alitembea kutoka stesheni saa nane mchana. Nilipofungua mlango niliona uso umepauka na midomo imekauka. Akasema, "Shikamoo Mama," akaishika fremu ya mlango, akakaa chini pale pale kizingitini. Nilimwingiza ndani, nikamlaza, nikainua miguu, nikapima presha: iko chini. Nikachoma kidole, sukari nayo chini. Nikampa maji ya chumvi na sukari, kidogo kidogo. Alipopata nguvu nikamuuliza jana alikula nini.

"Nimekula, Mama."

"Sijakuuliza kama umekula. Nimekuuliza nini."

Mkate na chai ya karaki. Juzi yake vile vile. Ilikuwa wiki ya tatu anaishi hivyo.

Sasa nifafanue hesabu, kwa sababu hii si habari ya uvivu wala ubadhirifu. Ufadhili wake unalipa ada na bweni. Chakula, nauli na simu ni juu yake. Muhula wa masomo anafanya kazi ya saa chache kwa wiki ndani ya chuo, kazi ambayo chuo chenyewe kinaruhusu, na hiyo ndiyo inayompa pesa ya kula. Tanzania wanafunzi wanaokopeshwa na Bodi ya Mikopo wanaiita pesa ya kujikimu "bumu", na bumu likichelewa chuo kizima kinajua. Yeye bumu lake ni ile kazi ndogo. Fildi ilipoanza, kazi ndogo ikasimama, kwa sababu siku nzima yuko Al Wakra. Na fildi yenyewe haikuwa na malipo. Kwa hiyo wiki kumi zile alikuwa na gharama zaidi na pesa sifuri. Fildi isiyo na posho inamgharimu mwanafunzi, na mtu akiitazama kwa mbali, ameona kijana "kapata kazi Arabuni".

Na nyumbani ndivyo walivyoona. Alikuwa ametuma picha akiwa amesimama mbele ya jengo la vioo, na kitambulisho cha kampuni shingoni. Mjomba akapiga simu: paa la nyumba ya bibi linavuja. Wiki iliyofuata ni ada ya mdogo wake. Hakuthubutu kusema "silipwi". Akatuma riyali 300, akatuma tena 250. Hiyo ilikuwa akiba yake ya chakula ya Juni na Julai.

Zamani kidogo kwenda kusoma ng'ambo kulikuwa na umbali wa kweli. Mwalimu Nyerere aliposoma Edinburgh, kuanzia 1949 hadi 1952, habari za nyumbani zilimfikia kwa barua. Barua inakupa siku mbili tatu za kufikiri jibu. Simu ya leo inakukuta kwenye metro, na sauti ya mjomba iko sikioni, na jibu linatakiwa sasa hivi.

Kulikuwa na hatari nyingine ambayo aliniambia baadaye, na naiandika kwa herufi zilizokolea moyoni mwangu ingawa mhariri hataniruhusu kuzikoza hapa. Rafiki alimshauri aendeshe pikipiki ya kupeleka vyakula usiku, kwa jina la mtu mwingine. Msifanye hivyo, wanangu. Kibali cha ukaazi hapa kimefungwa kwa aliyekudhamini. Mwanafunzi wa bweni mdhamini wake ni chuo. Kwa sheria ya mwaka 2015 ya kuingia, kutoka na kuishi Qatar, kumfanyia kazi mtu mwingine bila ruhusa ni kosa, na unaweza kurudishwa nyumbani na masomo yakaishia hapo. Hata fildi yenyewe hupitia chuoni: barua, makubaliano, ndipo unaanza. Kijana alikataa ile pikipiki, namshukuru Mungu, lakini alikataa na njaa tumboni.

Jioni ile, baada ya kula wali na samaki sahani mbili, nilimwambia ampigie mama yake. Hakutaka. Nikamwambia sitaondoka chumbani. Akapiga, akaeleza, nikamsikia mama kimya upande wa pili kwa muda. Halafu akasema, "Mbona hukuniambia? Mimi nilidhani wanakulipa. Ningesema na mjomba wako." Basi. Wiki tatu za mkate na chai zilikuwa zinasubiri sentensi moja.

Jumapili yake alikwenda ofisi ya chuo inayoshughulikia mambo ya wanafunzi. Vyuo vingi vina ofisi hiyo, na wanafunzi wetu wengi wanaipita kama vile ni kituo cha polisi. Walikuwa na mfuko mdogo wa dharura kwa ajili ya hali kama hiyo. Alijaza fomu, akaulizwa maswali, na wiki haikuisha akapata kadi ya kula kwenye bwalo la chuo mpaka fildi iishe. Aliniambia kilichomuuma: yule mama wa ofisini alimuuliza kwa nini hakuja Juni.

Sisi nasi tulikuwa na aibu yetu. Kijana yule alikuwa akija kutubebea madawati, na hakuna kati yetu aliyemuuliza anakula wapi. Tangu hapo akina mama watano wa shule hii wamepanga zamu ya Ijumaa, na yeye na wenzake wawili wanakula nyumba ya mtu. Ijumaa ndiyo siku ngumu kwa mwanafunzi wa bweni. Wengine wamekwenda kwa jamaa zao, korido kimya. Aliyetoka msikitini na aliyetoka kanisani kule Mesaimeer wote wanarudi kwenye chumba kile kile chenye friji tupu. Anayetaka kuingia kwenye zamu aniambie. Si lazima biriani.

Wazazi wenye watoto wa kidato cha tatu na kuendelea, nina maneno machache kwenu pia. Watoto wetu wanadhani wao si wageni hapa kwa sababu wamezaliwa Doha. Kibali chao kinategemea kazi ya baba au mama. Kazi ikikoma, na chuo kinaweza kuyumba. Kwa hiyo ulizeni mapema: ada ni nani atalipa, na ikiwa ni mkopo, unarudishwaje? Qatar Foundation ina mikopo kwa wanafunzi wa Education City wenye uhitaji, na sharti la kuirudisha ni jambo la kusoma mkiwa wote wawili mezani, mzazi na mtoto, kabla ya sahihi. Ulizeni fildi ni mwaka gani, ni wiki ngapi, ina posho au haina. Kama haina, pesa ya wiki hizo iwekwe pembeni tangu mwaka wa kwanza, kama mnavyoweka ya tiketi.

Na msiwafungie watoto mlango mmoja. Carnegie Mellon hiyo hiyo iliyoko Doha ina tawi Kigali tangu 2011, kwa shahada za uzamili. Dar es Salaam, Nairobi na Kampala kuna vyuo vya uuguzi na udaktari ambavyo wahitimu wake ninafanya nao kazi wodini kila siku, na hakuna mgonjwa anayewauliza walisoma mji gani.

Nasahau la Kiswahili. Wiki ya saba ya fildi kontena moja lililokuwa likienda Mombasa lilikwama kwa sababu ya karatasi. Barua pepe zilikwenda na kurudi siku tatu bila kueleweka. Kijana akaomba ruhusa, akapiga simu, akaanza na "Habari za asubuhi, habari za kazi, poleni na joto la huko." Yule wakala wa Mombasa akacheka, akamwambia karatasi gani inakosekana na nani wa kumtafuta. Dakika nane. Msimamizi wake akaandika jambo hilo kwenye ripoti ya mwisho, kwa kalamu yake.

Kijana atakuja darasani Jumamosi ya wiki ijayo, saa nne asubuhi (saa nne ya Kiswahili, tafadhali). Kila mtoto wa kundi la kati na la wakubwa aje na maswali matatu aliyoyaandika mwenyewe kwa Kiswahili, bila kusaidiwa na simu. Yule aliyeuliza habari ya mpira ameshanipa la kwake la kwanza: anataka kujua kama mtu akiwa fildi anaruhusiwa kumwambia bosi kwamba ana njaa.